Pikipiki Iliyokuwa kwa Fundi

Nilisafiri kwenda upande wa Chemba kutafuta saini ya mzee ambaye sikuwahi kumwona. Jina lake lilikuwa kwenye kadi ya pikipiki yangu, limechapwa kwa herufi zilizoanza kufifia: Ramadhani Salim. Pikipiki ilikuwa mikononi mwangu mwezi wa tatu sasa. Naiosha mwenyewe, naipanda kwenda kazini, jioni naifunika turubai. Lakini kwenye karatasi bado ilikuwa yake, na askari wa barabarani alikuwa ameshanionya kwamba siku nyingine hatanielewa.

Aliyeniuzia ni kijana wa ofisi ya jirani aliyekuwa akiishi Area D, hapa Dodoma. Alipata uhamisho wa ghafla, akawa anauza kila kitu: kitanda, jokofu, na pikipiki hii iliyokuwa imeegemezwa ukutani, imejaa vumbi. Ni ya zamani, aina ile yenye tanki jeupe na matairi ya meno waliyokuwa wakipewa mabwana shamba na mabwana mifugo. Nilimuuliza kuhusu kadi.

"Dada Anastazia, hapo sikudanganyi," alisema. "Mimi niliinunua kwa mtoto wake. Mzee mwenyewe yuko kijijini, ukishapita Haneti, kabla hujafika Chemba. Sikuwahi kwenda."

Namba ya simu aliyonipa haikuwa ikipatikana. Ikabaki kwenda.

Niseme pia kwa nini mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mtunza kumbukumbu ofisini, alinunua pikipiki kuukuu. Ofisi yetu ilipohamia Dodoma nilihama nayo. Mume wangu alibaki Dar es Salaam kwa muda, na muda ule ukageuka kuwa maisha yake. Kijana wetu yuko Mwanza, hunitumia ujumbe mfupi siku za sikukuu. Nimepanga nyumba Nzuguni, vyumba viwili na ua mpana. Siku za kazi nina watu wa kusalimiana nao, lakini nikifunga geti Ijumaa jioni, mara nyingi sauti yangu huisikia tena Jumatatu. Nilitaka kitu cha kushika mkononi Jumamosi. Sikujua kitu gani mpaka nilipoiona ile pikipiki ukutani.

Nilianzia kwa fundi Lameck, mwenye banda kando ya barabara pale Nzuguni. Nilimwambia sitaki kuacha pikipiki asubuhi na kuifuata jioni. Nataka kuona kinachofanyika. Siku ya kwanza alinipa kiti cha plastiki. Siku ya pili alinipa spana. Tulimwaga oili iliyotoka nyeusi na nzito kama lami. Tulifungua kabureta juu ya beseni, akanionyesha kijitundu kinachopitisha petroli, chembamba kuliko tundu la sindano, kimeziba kwa utando wa kijani. Tulibadilisha mnyororo, tukasafisha filta ya hewa iliyokuwa na kiota cha nyigu. Plagi ilikuwa ikitoka nyeusi kwa masizi, kwa hiyo tukawa tunageuza skrubu ya hewa robo mzunguko, naiendesha wiki nzima, narudi tunaitazama tena, mpaka siku moja ikatoka na rangi ya kahawia kama biskuti.

"Hapo sasa inakula vizuri," alisema Lameck, akaniachia niifunge mwenyewe.

Kilichobaki kilikuwa kelele. Juu ya injini kulikuwa na sauti ya kugonga, ndogo lakini haikatiki, kama cherehani ya chumba cha pili.

"Ni valvu hizo, mama," alisema. "Hizi za zamani hulia kidogo. Ziache."

"Zikaze kidogo."

Alizikaza. Sauti ikapungua, haikuisha. Nikamwambia tena kidogo. Alinitazama, akazikaza. Nikamwambia mara ya tatu, na mara ya tatu injini ikanyamaza, ikabaki mngurumo laini tu. Lameck alifuta mikono kwa kitambaa. Mimi nilirudi nyumbani nimefurahi, kwa sababu nilidhani ukimya ni dalili ya uzima.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, niliondoka Nzuguni. Mgongoni nilikuwa na begi lenye maji, kanga, plagi ya akiba, spana nne na fomu ya mauziano niliyoichapa ofisini, ikiwa na mstari mtupu mahali pa saini. Hakuna niliyemuaga. Nilifikiria kumgongea mama wa nyumba ya pili, lakini tulikuwa hatujawahi kuambiana zaidi ya habari za asubuhi, nikaona ataanza kuuliza kulikoni. Nikafunga geti, nikapiga kiki, ikawaka mara ya kwanza.

Nilivuka mji ukiwa bado haujaamka vizuri, nikashika barabara ya Kondoa. Septemba Dodoma ni kavu hadi kooni. Baada ya Veyula upepo ulikuwa unanisukuma kutoka ubavuni, na vumbi jekundu lilikuwa likivuka lami kwa mistari myembamba. Makutupora mizabibu ilikuwa imekatwa, imebaki miti mifupi iliyopindana kwenye waya, na watu wawili wakitembea katikati ya mistari wakiwa wameinama. Mmoja aliinua mkono. Nilijibu kwa furaha iliyopita kiasi, nikakaribia kuacha njia.

Kabla ya Mayamaya barabara inaanza kupanda, na hapo ndipo pikipiki ilipoanza kuchoka. Niliongeza mafuta, haikuongeza mwendo. Nilirudisha gia, ikakohoa, ikazima. Nilisogea pembeni na kupiga kiki. Mguu ulishuka kirahisi mno, kama ninayekanyaga mto wa sufi. Nilipiga tena na tena mpaka jasho likaingia machoni. Petroli ilikuwepo. Nilifungua plagi, nikaigusisha kwenye chuma kama Lameck alivyonifundisha, cheche ikaruka vizuri, ya buluu. Nilikuwa nimemaliza yote niliyoyajua.

Mchungaji mmoja alikuwa anapita na ng'ombe wake, mwanamume wa makamo mwenye shuka begani. Alisimama, akaangalia pikipiki, akaangalia barabara pande zote mbili.

"Mwenye pikipiki amekwenda wapi?" aliuliza.

"Ndiye mimi."

Alicheka, akaona sichezi, akaacha. "Basi pole," alisema. "Ngoja ipoe. Hata ng'ombe akichoka humpigi."

Ng'ombe walipita, mavumbi yao yakapita, nikabaki na barabara. Niliketi kwenye jiwe karibu saa nzima. Nilitoa simu, nikaitazama orodha ya majina kuanzia mwanzo hadi mwisho, nikitafuta mtu ninayeweza kumpigia nimwambie tu kwamba nimekwama. Majina yalikuwa mengi. Wa kazini wangeniambia nipige simu kwa fundi. Mwanangu angeshtuka kwamba nina pikipiki. Nilirudisha simu mfukoni. Nilipoinuka na kupiga kiki, iliwaka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Saa nne na nusu nilifika Haneti, nikaegesha mbele ya mgahawa mdogo wa ukuta wa udongo na kuagiza chai na chapati. Mama mwenye mgahawa alinisalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kisha akageukia Kiswahili aliponiona nimeduwaa. Alikuwa akimimina chai huku macho yake yako nje.

"Hiyo si pikipiki ya Bwana Mifugo?"

"Mzee Ramadhani?"

"Huyo huyo! Ramadhani. Alikuwa akichanja ng'ombe wa baba yangu mimi nikiwa mdogo. Tukisikia mlio tu, tunakimbia kufungua zizi." Alipunguza sauti. "Mzee yu hai, ila alipata kiharusi. Na wewe ni nani wake?"

Lilikuwa swali la kawaida kabisa, nami nikaanza kukunja chapati. "Nina shida naye ya karatasi tu," nilisema.

Alinielekeza njia: mbele, kisima kilichojengewa, njia ya vumbi mkono wa kushoto, nyumba ya bati yenye mlango wa kijani. Nilipotoka, pikipiki haikuwaka mpaka ilipopoa tena. Watu waliopita walisimama kuiangalia. Wawili waliisalimia kwa jina la mzee. Nilikuwa nimekaa pembeni yake kama mzigo ulioshushwa.

Saa nane mchana nilifika kwenye mlango wa kijani. Njia ya vumbi ilikuwa imenitikisa hadi meno, na mita mia za mwisho niliisukuma pikipiki ikiwa imezima kwa mara ya tatu. Kabla sijafika uani, mzee alikuwa ameshatoka. Alikuwa mrefu, mkono wake wa kushoto umelala kifuani, wa kulia umeshika fimbo na unatetemeka. Kofia yake ilikuwa safi. Nyuma yake alisimama mwanamke mwenye mtandio, mikono ina unga.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba. Karibu, fundi," alijibu. Maneno yake yalitoka polepole, upande mmoja wa mdomo ukiyavuta. "Mmechelewa. Miaka miwili kwa pikipiki moja? Nilisema nikipona mguu nakuja Dodoma mwenyewe nimwone huyo bwana wako."

Sikuelewa. Nilimtazama yule mwanamke. Alikuwa ameinamisha uso.

Mzee alikuwa ameshapiga hatua hadi kwenye pikipiki. Aliweka fimbo kwenye ukuta na kiganja chake kwenye tanki, akakiacha pale. Kisha akaniambia niiwashe. Ilikataa, nikamweleza ilivyonisumbua njiani. Aliinama kidogo, akaniambia nipige kiki taratibu kwa mkono, naye akasikiliza.

"Nani amezibana valvu hizi?"

"Ni mimi," nilisema. "Nilisema zikazwe. Zilikuwa zinalia."

"Zinalia kwa sababu zina nafasi. Chuma kikipata moto kinatanuka. Umeondoa nafasi, valvu haifungi mpaka mwisho. Isipofunga, nguvu yote inavuja. Ikipoa inafunga, inawaka, unafikiri imepona." Alivuta pumzi. "Ungeendelea wiki nyingine mbili ungeziunguza. Kesho asubuhi tutazipima. Leo hapana, haipimwi ikiwa ya moto. Mwajuma, mgeni atalala."

Mwajuma, mkwe wake, alinipeleka nyuma ya nyumba kunawa. Aliponimiminia maji alianza kusema haraka, kwa sauti ya chini.

"Dada, naomba unisamehe. Mume wangu aliiuza baba akiwa hospitali. Ilikuwa kwa ajili ya matibabu, si kwa starehe. Baba alipoamka, kitu cha kwanza alichouliza ni pikipiki. Tukamwambia iko kwa fundi. Tulidhani atasahau."

"Hakusahau."

"Kila Ijumaa anauliza. Wewe ndiye uliyeinunua?"

"Ndiyo. Nimekuja kwa ajili ya saini yake."

Maji yalikuwa yamejaa viganjani mwangu, yanamwagika. Alikuwa bado anamimina. "Usimwambie leo," alisema. "Leo amefurahi. Sijamwona akitoka mpaka uani bila kushikwa tangu aumwe."

Sikumwambia. Tulikula ugali wa mtama na mlenda, na mzee akanieleza jinsi ya kupita mtoni wakati wa mvua: unafunga mfuko juu ya bomba la moshi, unazima, unasukuma. Aliniita fundi kila sentensi. Ni muda mrefu hakuna aliyenieleza jambo kwa subira namna ile, akisubiri nikubali kwa kichwa kabla ya kuendelea. Kila nilipokubali nilijiona mwizi.

Jumapili, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza, alikuwa ameshakaa kwenye kiti uani, na miguuni pake kuna boksi la bati. Ndani mlikuwa na spana zilizofungwa kwa kitambaa chenye oili, na vibamba vyembamba vya chuma vilivyoshikana kama feni, vya kupimia nafasi ya valvu. Alivifungua kimoja kimoja kwa kidole gumba, mkono ukitetemeka hadi vikagongana.

"Mimi sitaweza," alisema. "Utafanya wewe, mimi nitasema."

Nilifungua vifuniko viwili juu ya injini, kisha kifuniko cha ubavuni. Akaniambia nizungushe injini kwa spana, polepole, mpaka alama iliyochongwa kwenye gurudumu la ndani ioane na mchongo wa nje.

"Sasa tikisa vile vikono vya juu. Vinacheza?"

"Havichezi hata kidogo."

"Ndiyo ujionee. Vyote viwili vinatakiwa vicheze. Legeza nati. Taratibu, usiikimbilie. Ingiza kibamba. Hapana, usikisukume kwa nguvu, kiingie chenyewe. Unasikiaje ukikivuta?"

"Kinateleza."

"Kimelegea mno. Geuza skrubu kidogo. Sasa?"

"Kinashika kidogo. Kama kuvuta karatasi iliyo chini ya kitabu."

Uso wake ulitulia. "Hapo. Shika skrubu isizunguke, kaza nati. Halafu pima tena, kwa sababu nati inapokazwa huvuta skrubu."

Nati ilikuwa imeivuta kweli. Nilirudia mara tatu kwa valvu ya kwanza, mara mbili kwa ya pili. Jua lilikuwa limefika mgongoni. Nilipofunga vifuniko na kupiga kiki, mguu ulikuta ukinzani, na injini ikawaka. Ile sauti ya cherehani ilikuwa imerudi, ndogo, haikatiki. Mzee alifumba macho.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Mwambie bwana wako Dodoma, hii ndiyo kazi. Siku mbili si miaka miwili."

Nilizima injini. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri, lakini yalitoka kwa mpangilio mwingine.

"Mzee, hakuna bwana wangu. Mimi si fundi. Hii pikipiki niliinunua Dodoma, kwa mtu aliyeinunua kwa mwanao. Nimekuja kuomba uniwekee saini, ili kadi iwe na jina langu."

Mwajuma alikuwa mlangoni na sufuria. Hakusogea. Mzee alinitazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama mkwewe, na nadhani pale uso wa Mwajuma ulimwambia yaliyobaki. Alichukua fimbo yake, akainuka mwenyewe, akatembea hadi kwenye zizi nyuma ya nyumba, na akasimama huko akiwa ametupa mgongo. Zizi lilikuwa na mbuzi watano na ndama mmoja.

Alikaa huko muda mrefu. Mwajuma alilia kimya huku akipepeta mchele ambao tayari ulikuwa safi. Mimi nilikusanya spana zake, nikazifuta moja moja, nikazirudisha kwenye kitambaa. Nilifikiri jinsi ya kurudi Dodoma kwa basi. Nilikuwa nimeshaamua: kitu nilichokinunua kwa uongo wa watu wengine siwezi kukiondoa uani kwa mtu huku ananitazama. Nilikwenda hadi zizini.

"Mzee, naiacha. Ni yako."

"Niipeleke wapi kwa mguu huu?" Hakugeuka. "Unajua kinachoniuma? Miaka miwili namlaani fundi wa watu asiye na kosa. Nikiswali nafika kwenye jina lake nakasirika, na jina lenyewe silijui." Aligonga ukingo wa zizi kwa fimbo. "Mwanangu angeniambia tu. Ningekasirika siku tatu, zingeisha."

Nilisimama kando yake tukatazama ndama.

"Kabla ya hiyo karatasi yako," alisema mwishowe, "nipeleke josho."

Saa nne tulimpandisha. Mwajuma alimshika mguu, mimi nikashikilia pikipiki isiyumbe, tukamfunga kwangu kwa kanga kiunoni ili mkono uliolala usimwangushe. Nilikwenda kwa gia ya pili, nikikwepa kila shimo. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Kidevu chake kiligonga bega langu kila tulipotikisika, na kila tulipopita nyumba alisema jina la mwenye nyumba sikioni mwangu, na ng'ombe wangapi alikuwa nao zamani.

Josho lilikuwa mbali na nyumba, kwenye uwanja mweupe uliokauka. Ni lile handaki la saruji ambalo ng'ombe huogeshwa dawa ya kupe. Sasa lilikuwa limejaa udongo na miiba, na nguzo za uzio zilikuwa zimeng'olewa. Hapakuwa na mtu. Alikataa kushuka. Tulikaa juu ya pikipiki, injini ikinguruma, yeye akitazama.

"Ijumaa hapa palikuwa na ng'ombe mpaka kule kwenye kilima," alisema. "Vumbi unaliona kutoka barabarani. Mimi nasimama hapo kwenye ukuta na daftari. Nilifanya kazi hii miaka thelathini, sasa hata njia ya kuja hapa imeota majani." Baadaye aliongeza, "Sikiliza inavyonguruma vizuri ikiwa imesimama. Haiyumbi."

Tulisikiliza mpaka akasema basi.

Tuliporudi, Mwajuma alileta kidau cha wino alichokiazima kwa mwenyekiti wa kitongoji. "Baba, weka dole gumba tu, wanakubali."

"Dole gumba kwa nini? Mimi nimeandika ripoti za serikali maisha yangu yote." Aliomba karatasi nyingine. Alifanya majaribio, mara sita au saba, mstari ukikimbia kila upande kama njia ya mchwa, na kila mara aliikunja karatasi na kuanza upya. Kisha akavuta fomu yangu. Nilishika ukingo wake isiteleze. Alisaini polepole sana, ulimi ukiwa umeng'atwa upande mmoja, na herufi za mwisho zilitoka nje ya mstari zikaingia kwenye jina langu lililochapwa pembeni. Aliitazama, akaona haijanyooka, akanisukumia.

"Itasomeka," alisema.

Alinipa pia vile vibamba vya kupimia. Nilikataa, akaniuliza nitapima na nini, na kucha? Nikavipokea.

Saa saba mchana niliaga. Mwajuma alinishika mikono miwili. Mzee alinisindikiza hadi mwisho wa ua, hatua kumi na mbili zilizomchukua dakika kadhaa.

"Mwajuma akupe namba yake," alisema. "Ukifika piga. Nitataka kujua."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na upepo usoni. Haneti nilisimama makusudi, injini ikiwa ya moto kabisa, nikaizima, nikahesabu hadi mia, nikapiga kiki. Iliwaka mara moja. Mama wa mgahawa hakuwepo nje, watu waliokuwepo walikuwa kwenye bao lao, hakuna aliyegeuka. Nilicheka peke yangu ndani ya kofia ngumu, na kicheko kilinishangaza, kikakatika katikati. Sikuwa na wa kumwonyesha, na hapo ndipo nilipohisi upweke kuliko hata kwenye lile jiwe la Mayamaya. Kule nilikuwa na shida, na shida inakushughulisha. Hapa kila kitu kilikuwa sawa. Nikaendelea na safari, Makutupora, Veyula, majengo ya kwanza ya mji, taa za barabarani, sauti ya valvu ikinifuata muda wote, na sikutamani inyamaze.

Saa kumi na nusu jioni nilifungua geti langu Nzuguni. Nyumba ilikuwa kama nilivyoiacha. Kikombe cha jana kilikuwa kwenye sinki. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango, buti zikiwa bado miguuni, nikapiga namba ya Mwajuma.

Nilichojifunza katika safari hii si kikubwa cha kuandikiwa kitabu. Nimejifunza kupima valvu injini ikiwa ya baridi, na kupima mara ya pili baada ya kukaza nati. Nimejifunza kwamba mtu akikuambia kitu cha zamani hulia kidogo, umsikilize. Na kuna lingine ambalo nilikuwa nimelisahau kwa miaka, nikalikumbuka simu ikiwa inaita: kuwa na mtu anayesubiri kuambiwa kwamba umefika.

Sauti ya Mwajuma ilisema halo, kisha nikasikia simu ikibadilishwa mikono, na fimbo ikianguka mahali.

"Umefika?" aliuliza mzee.

"Nimefika salama, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Imezima njiani?"

"Haijazima hata mara moja."

Nikamsikia akimwambia Mwajuma. "Na umekula?"

Nilisema nitapika sasa hivi. Akasema nisikate simu kwanza, nimweleze njia yote, kuanzia nilipoingia barabara ya lami. Nikavua buti, nikaanza kumweleza.